Meza Iliyoinama

Kila siku Sisimizi akirudi shuleni, mambo yalikuwa yale yale. Alivua sare na kuitundika nyuma ya mlango, akala chakula alichofunikiwa jikoni, akaosha sahani yake, halafu akachukua ufagio na kwenda kufagia karakana. Asipofagia yeye, hakuna wa kufagia. Mama yake alikuwa fundi seremala, na mafundi, kama alivyopenda kusema Baba, wanajua kutengeneza takataka kuliko wanavyojua kuziondoa.

Karakana ilikuwa chumba kimoja tu nyuma ya nyumba, kilichojengwa kwa ajili ya gari ambalo familia haikuwahi kulipata. Upande mmoja palikuwa na benchi refu la kazi lenye makovu ya msumeno. Upande wa pili mbao zilisimamishwa ukutani, fupi mbele na ndefu nyuma. Sakafuni yalitapakaa maranda, yale maganda membamba yanayotoka kwenye ubao unapopigwa randa. Sisimizi aliyapiga mateke kwanza yapae, ndipo akayafagia, kwa kuwa kufagia kitu kilichotulia hakuna raha.

Sisimizi lilikuwa jina la utani. Alipewa na baba yake kwa sababu hakujua kukaa kitako. Ukimwona hapa, ukigeuka yuko pale, na kila aendako amebeba kitu. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na alitaka kuwa fundi kama mama yake. Alitaka hivyo kwa dhati, si kama wale wanaotaka kuwa rubani leo na mpiga ngoma kesho.

Wiki hiyo karakana ilikuwa na mgeni. Alisimama kimya karibu na dirisha, mrefu kumpita Baba. Ilikuwa mashine ya kutoboa, ile kubwa ya kusimama sakafuni. Chini ilikuwa na kitako kipana cha chuma, na juu ya kitako nguzo nene ya mviringo. Katikati ya nguzo palikuwa na meza ndogo ya chuma ya kuwekea mbao, na juu kabisa kichwa chenye mota na mkanda. Kichwa hicho kilishika biti, yaani ile ncha ya chuma inayotoboa. Ukivuta mkono wa pembeni, biti inashuka. Ukiuachia, inapanda yenyewe.

Mama alikuwa ameitamani mashine ya namna hiyo kwa muda mrefu. Miaka yote alitoboa kwa keekee ya mkono, akiikandamiza kwa kifua na kuizungusha, mpaka kifundo cha mkono wake wa kulia kikaanza kuvimba. Daktari alimwambia waziwazi kwamba akiendelea hivyo, mkono hautapona. Kwa hiyo fundi mmoja mzee wa mtaa wa pili alipoamua kustaafu na kuuza vifaa vyake, Mama alikuwa wa kwanza kupiga hodi kwake.

Mzee huyo watu walimwita Mzee Taratibu, maana alifanya kila kitu polepole, hata kupiga chafya.

"Leo sikuuzii, Fundi," alimwambia Mama. "Ichukue, kaa nayo mpaka Jumamosi. Ijaribu kwa kazi yako mwenyewe, siyo kwa maneno yangu. Ikikufaa, ibaki. Isipokufaa, nitakuja kuichukua, wala hatutanuniana."

Mama aliijaribu kweli kweli. Siku ya kwanza aliiwasha bila kutoboa kitu, akafumba macho na kuisikiliza inavyonguruma. Akaizima, akafungua kifuniko cha juu na kuupapasa mkanda, akitafuta mipasuko. Akakishika kile kichwa kinachobeba biti, akakitikisa huku na huku kuona kama kinalegalega. Akachukua guniya, kile kipimo cha pembe mraba, akakiweka juu ya meza kuona kama biti imesimama wima. Mwisho akatoboa gogo la mti mgumu, lile ambalo lilikuwa limeshamvunjia biti tatu za keekee. Mashine ililitoboa kama mtu anayechoma sabuni.

"Inanguruma kama tumbo langu mchana," alisema Baba, aliyekuwa mpishi wa hospitali na alikuwa na kawaida ya kupima mambo yote kwa tumbo. "Hiyo ni dalili ya afya."

Mama alicheka, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi akiwa kazini. Kisha akamgeukia Sisimizi na uso wake ukawa wa kazi tena.

"Nisikilize vizuri. Mashine hii haiguswi bila mimi. Nywele inazivuta, nguo inaivuta, na kidole hakioti tena. Lakini nikiamua ibaki, nitakufundisha mwenyewe, kuanzia kuipangusa mpaka kuitumia. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Mama," alijibu Sisimizi, na usiku huo aliota anatoboa.

Sasa sikiliza mambo yalivyoharibika, maana hayakuharibika kwa ubaya. Yaliharibika kwa ujanja mdogo tu, ule wa kujiambia kwamba sheria imesema hivi lakini haikusema vile.

Jumatano, Mama alitoka kwenda kupima madirisha ya mteja. Sisimizi alibaki karakana na rafiki yake Domo, mtoto wa mshonaji wa jirani. Domo alipewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, na alikuwa amekaa juu ya benchi akining'iniza miguu na kuongea. Sisimizi alikuwa akitengeneza kigoda. Alikuwa na kipande cha ubao wa kukalia na miguu mitatu, na Mama alimruhusu kutumia keekee ya mkono. Tatizo lilikuwa moja. Miguu ya kigoda inatakiwa itanuke kidogo kuelekea nje, kwa hiyo matundu yake lazima yatobolewe mshazari. Kila aliposhika ubao kwa pembe ile, uliteleza.

"Ungeuegemeza kwenye kitu kilichoinama," alisema Domo.

Sisimizi aliangalia kushoto na kulia. Macho yakatua kwenye meza ya mashine. Alikuwa amemwona Mama akionyesha kwamba meza ile inaweza kuinamishwa. Chini yake kulikuwa na bolti moja kubwa. Ukiilegeza kwa spana, meza inalala upande.

"Mama amekataza kuigusa mashine," alisema, lakini alisema kwa sauti ya mtu anayetaka kubishiwa.

Domo hakumwangusha. "Kwani umeambiwa uiwashe? Wewe unataka meza tu. Meza si mashine. Meza ni meza."

Ukilitazama neno hilo kwa haraka, lina akili. Sisimizi alilitazama kwa haraka. Akahakikisha waya wa umeme umechomolewa, akachukua spana, akalegeza bolti, akaiinamisha meza kidogo, akauegemeza ubao wake na kuukaza kwa kibano. Akatoboa kwa keekee yake ya mkono, tundu la kwanza, la pili, la tatu. Yalitoka mazuri ajabu. Domo alipiga makofi.

Kabla hawajamaliza kufurahi, lango la mbele likalia. Mama amerudi. Sisimizi aliichomoa kazi yake, akairudisha meza ilipokuwa, akafunga jicho moja kuitazama, akaiona imekaa sawa kabisa, akakaza bolti na kuirudisha spana msumarini. Mama alipoingia, alimkuta binti yake ameshika kigoda na Domo anaongelea mpira.

"Matundu safi haya," alisema Mama akikigeuza kigoda. "Umeyapataje?"

"Nilijitahidi," alisema Sisimizi, na hilo nalo lilikuwa kweli, kwa kiasi chake.

Siku iliyofuata Mama alianza kazi aliyokuwa akiisubiri. Mdogo wake, ambaye Sisimizi alimwita Mama Mdogo, alikuwa mjamzito na siku zake zilikuwa zimekaribia. Mama alimwahidi kitanda cha mtoto chenye fito pande zote, asije akaanguka. Kitanda cha namna hiyo kinataka matundu mengi, yote yaelekee upande mmoja, yote wima. Kwa keekee ya mkono ingekuwa kazi ya kulia. Kwa mashine, Mama alimaliza mbao mbili ndefu kabla ya mchana kuisha, akiimba.

Lakini Sisimizi aliporudi shuleni, alimkuta ameacha kuimba. Mbao mbili zilikuwa juu ya benchi, moja juu na moja chini, na fito zimechomekwa kwenye ule wa chini. Hakuna ufito uliosimama. Zote ziliegemea upande mmoja kama watu waliochoka kwenye foleni, na ncha zake za juu hazikukutana na matundu ya ubao wa pili.

"Tazama," alisema Mama polepole. "Tazama mashine ya mzee wetu."

Akachukua ufito mwingine, akauchomeka, ukaegemea kama wenzake. Akautupa benchini.

"Shingo yake, hii nguzo inayobeba kichwa, imepinda, na hilo halirekebishiki. Ukitoboa tundu moja huoni, ukitoboa mengi ndipo linajitokeza. Mzee mzima, ananiambia niijaribu, kumbe anajua sitaligundua mpaka Jumamosi ipite."

"Huenda hakujua," alisema Baba, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Ameitumia miaka yote hiyo asijue?" Mama alijipangusa uso, akaacha alama ya vumbi shavuni. "Au kuna kitu kimelegea? Lakini siku ya kwanza niliipima kwa guniya, ilikuwa wima. Na hakuna aliyeigusa." Akamgeukia binti yake. "Sisimizi, kuna mtu aliyeigusa mashine hii?"

Sisimizi aliinua macho. Aliona spana imetundikwa pale ukutani. Akaona siku zote zijazo ambazo hataruhusiwa kuikaribia mashine hata kwa kitambaa cha kupangusia. Neno likamtoka kabla hajalichagua.

"Hapana, Mama."

Mama aliitikia kwa kichwa, akatoa simu mfukoni na kutoka nje. Kupitia dirishani Sisimizi alisikia upande mmoja tu wa mazungumzo. "Ndiyo, Mzee. Inatoboa mshazari... Nimeona kwa macho yangu... Basi Jumamosi uje uichukue." Halafu kimya kirefu. Halafu Mama akasema, kwa sauti iliyopungua ukali, "Sikusema hivyo, Mzee. Mimi nasema nilichokiona."

Jioni ile chakula hakikushuka. Sisimizi alikizungusha kwenye sahani kama anatafuta pete ndani yake. Baba alimwangalia, akamgusa paji la uso kuona kama ana homa.

Asubuhi, njiani kwenda shule, alimweleza Domo yote. Domo, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, alikaa kimya kwa hatua kadhaa.

"Sasa sikiliza," alisema hatimaye. "Mzee atachukua mashine yake, si ya kwake? Mama yako atapata nyingine, na wewe utafundishwa hiyo nyingine. Hakuna aliyeumia. Ukisema, unaumia wewe, na mimi nitatajwa."

"Mama anadhani mzee ni tapeli."

"Atasahau. Watu wazima wanasahau haraka, hasa vitu walivyotuahidi."

Sisimizi hakucheka. Darasani mwalimu alimuuliza swali jepesi la hesabu, akajibu "meza". Wenzake waliangua kicheko, naye akatamani ardhi ipasuke immeze.

Jumamosi Mzee Taratibu alifika na vijana wawili wa mkokoteni. Alivaa shati lililopigwa pasi, kama mtu anayekwenda mazishini. Sisimizi alimwamkia, "Shikamoo, Babu," naye akaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu," bila kumtazama. Aliingia karakana, akaweka kiganja juu ya nguzo ya mashine na kukiacha hapo. Mama alimwonyesha mbao mbili na fito zilizoegemea. Mzee alizitazama kwa muda mrefu, akakuna kidevu, akatikisa kichwa.

"Sitabishana nawe, Fundi," alisema. "Kazi imeharibika, nami naiona. Labda iligongwa wakati wa kuileta. Labda macho yangu yameisha, nikawa natoboa upogo na watu wananionea haya kuniambia."

"Mzee, sikutaka tufike huku," alisema Mama.

"Hatujafika kubaya. Kuna bwana mwingine alikuwa anaitaka, nimempigia simu asije. Siwezi kumuuzia mtu kitu chenye kasoro. Nitaipeleka kwa wanaonunua vyuma chakavu, waiyeyushe." Akaipiga mashine kofi dogo la upole. "Imenisomeshea watoto hii. Haya, vijana, fungueni kitako."

Vijana waliinama na spana zao. Bolti ya kwanza ikalia kwa kutu.

Sisimizi alikuwa amesimama kando ya benchi. Domo alikuwa mlangoni, akimkonyeza kwamba anyamaze. Lakini alipomwona mzee ametazama dirishani, macho yake yanameta maji, alishindwa kunyamaza. Akapiga moyo konde.

"Msiifungue!" alipaza sauti. "Mashine haina kosa. Ni mimi. Nililegeza meza."

Vijana walinyanyua vichwa. Baba, aliyekuwa akileta maji ya kunywa, alisimama na jagi mkononi. Sisimizi alisema yote, mbio mbio, bila kuvuta pumzi: kigoda, ubao ulioteleza, spana, meza aliyoiinamisha na kuirudisha kwa jicho. Alipofika mwisho, machozi yalikuwa yameshamfika kidevuni.

"Na juzi, Mama, uliponiuliza, nikakudanganya. Nilijua kama nikisema, hutanifundisha tena. Samahani, Mama. Samahani, Babu. Macho yako hayana kosa."

Mama aligeuka polepole. Alimtazama binti yake kama anayemwona mtu aliyemdhania mwingine, na hilo lilimuuma Sisimizi kuliko kofi.

Mzee Taratibu ndiye aliyetangulia kusogea, na safari hii hakuwa taratibu hata kidogo. Alipiga goti sakafuni mbele ya meza ya mashine kama kijana wa miaka ishirini, akachungulia chini yake.

"Lete waya, Fundi!" alisema. "Waya wowote mgumu. Haraka!"

Mama alimpa kipande cha waya. Mzee alikikunja mara mbili, kikawa na umbo la mkono wa kuzungushia, akachomoa biti na kubana upande mmoja mahali pake. Ncha ya pili akaishusha mpaka ikagusa meza kidogo tu. Kisha akamwita Sisimizi.

"Njoo hapa. Zungusha hii kwa mkono, polepole. Tega sikio."

Sisimizi alijipangusa pua na kuzungusha. Upande wa kushoto ncha ya waya ilikwaruza chuma, kwaru. Upande wa kulia ilielea hewani, na chini yake pangepita ganda la randa, tena nene.

"Unaona?" Mzee aliinua uso, na uso wote ulikuwa umefunguka. "Unaona, Fundi? Meza imelala kulia! Meza tu! Hiyo shingo haina neno!"

"Naona, Mzee," alisema Mama. Alikuwa ameshika ukingo wa benchi kwa mkono wake mbovu, wala hakuonekana kuusikia unauma.

Mzee alilegeza bolti kidogo, akaigonga meza kwa ngumi, akamwambia Sisimizi azungushe. Kwaru upande mmoja, kimya upande mwingine. Akagonga tena. Azungushe tena. Safari hii kwaru zilikaribia kulingana. Mama naye alipiga goti, akashika spana, na wote watatu wakawa pale chini, vichwa vimegusana, mmoja anagonga, mmoja anakaza, mmoja anazungusha. Hatimaye ncha ya waya iliizunguka meza yote kwa mkwaruzo mmoja mwembamba, usioongezeka wala kupungua.

"Kaza hapo hapo," alisema Mzee, na Mama akakaza.

Walirudisha biti. Mama alichagua kipande cha mbao kutoka kwenye mabaki, akakibana mezani, akawasha. Matundu yalipangana. Akachomeka ufito wa kwanza, ukasimama. Wa pili, ukasimama. Alipofika wa nne Baba alishindwa kuvumilia, akaja akauchomeka wa tano yeye mwenyewe na kuusifu kana kwamba ameupika.

Mzee Taratibu alikaa juu ya gogo na kushusha pumzi ndefu, kisha akaanza kucheka. Kicheko chake kilianzia mabegani, kikashuka tumboni, na kilipofika mdomoni wengine wote walikuwa wameshaanza. Hata vijana wa mkokoteni, ambao walikuwa wamekosa kazi, walicheka.

"Mzee wangu," alisema Mama walipotulia, "mimi ndiye ninayestahili kukuomba radhi. Nilikuona mdanganyifu, na nilikuambia hivyo, hata kama sikulitaja neno lenyewe."

"Ulisema ulichokiona."

"Nilipaswa kupima tena kabla ya kulaumu. Fundi hapimi mara moja."

"Basi yameisha, Fundi. Mimi tangu juzi sikulala, nikijiuliza kama uzee wangu ndio umeniaibisha. Leo nitalala." Alimwita Sisimizi na kumshika begani. "Na wewe umeniponya, ingawa wewe ndiye uliyenipa ugonjwa. Meza hii mimi mwenyewe niliiinamisha mara nyingi, na kila mara niliipima kwa waya nikiirudisha. Jicho linapenda kusema 'sawa' ili mtu aende zake. Umesikia?"

"Nimesikia, Babu."

"Mashine inabaki?" aliuliza Mzee, akimtazama Mama.

"Inabaki, Mzee. Haitoki tena humu."

Mzee aliondoka akitembea mbele ya mkokoteni mtupu, na mpaka anakata kona alikuwa bado anacheka peke yake. Domo, aliyekuwa amejificha nyuma ya mlango muda wote, alijitokeza na kuungama sehemu yake kwa maneno machache sana, machache kuliko yote aliyowahi kuyasema, halafu akakimbilia kwao. Baba alikwenda jikoni kuandaa chakula, akiimba.

Walibaki wawili. Mama alikaa benchini na kumwonyesha Sisimizi nafasi karibu yake.

"Mbao mbili zimeharibika," alisema. "Utazikatakata wewe, tutazitengenezea vitu vidogo vidogo. Na mpaka shule zifunge, hutashika chombo chochote cha kutobolea, cha mkono wala cha umeme. Mashine utaipangusa na kuitazama tu. Baada ya hapo nitakufundisha, kwa sababu niliahidi."

"Ndiyo, Mama."

Ilikuwa adhabu kubwa, na mpaka shule zifunge palikuwa mbali. Lakini Sisimizi alishangaa kuona kwamba haimuumi. Tangu juzi hakuwa amekula vizuri, na sasa alikuwa akisikia njaa, njaa ya kweli.

"Sasa nikuulize," Mama aliendelea. "Unajua kwa nini siku ile sikuipima meza kwa mara ya pili? Guniya lilikuwa hapo hapo, ningenyoosha mkono tu."

Sisimizi alitikisa kichwa.

"Kwa sababu nilikuuliza wewe, ukasema hapana. Nikaona sina haja ya kupima. Nililiamini neno lako kuliko guniya."

Sisimizi aliinamisha kichwa. Kati ya maneno yote aliyoambiwa siku hiyo, hilo ndilo lililoingia ndani kabisa.

"Kuinamisha meza lilikuwa kosa, na lilitugharimu mbao mbili," alisema Mama. "Lakini lile jibu lako lilikaribia kutugharimu mashine, na kumvunjia heshima mtu mwema ambaye hakufanya lolote. Ungeniambia siku ile ile, ningekasirika, tungechukua spana, na kabla ya chakula cha jioni tungekuwa tumemaliza. Ukikosea, niambie mapema, hata kama unaniogopa. Meza ikiinama, nina waya wa kuipimia. Wewe ukinificha jambo, sina waya. Nina maneno yako tu."

"Utayapata ya kweli, Mama," alisema Sisimizi.

Mama alimvuta, akamkumbatia na kumpangusa vumbi la mbao lililomganda shavuni kwa machozi. Baba aliita kutoka jikoni kwamba chakula kinapoa na yeye habembelezi mafundi. Wakacheka, wakaenda kunawa mikono.